Grupu Kubwa, Wateja Wachache: Njia Tano Mbaya za Kukuza Grupu ya Biashara

Umefungua grupu ya WhatsApp ya biashara yako. Pengine unauza nguo za watoto, au kuku wa kienyeji, au unaendesha chama cha kununua shamba. Mwezi wa kwanza mko watu 38. Kisha unaona jirani yako ana grupu ya watu 900, na roho inakuuma. Hapo ndipo wengi wetu huanza kutafuta njia ya mkato.

Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo tunaliangalia jambo hili upande wa pesa. Grupu ambayo watu hulipana inasimama kwa kitu kimoja: mwanachama anaamini kwamba nambari ya kulipia iliyowekwa pale ni ya mtu anayemjua. Imani hiyo ikitoboka, hata mkiwa elfu moja, hakuna atakayelipa. Hizi hapa njia tano zinazoitoboa.

1. Kuongeza watu bila kuwauliza

Mteja akikutumia pesa kwa simu, huenda jina na nambari yake zikabaki kwenye meseji. Alikulipa apate bidhaa, hakuomba kuingizwa kwenye grupu. Ukimwongeza usiku, asubuhi anaamka na kukuta meseji mia moja za watu asiowajua, huku nambari yake ikiwa wazi mbele yao wote. Atatoka, na huenda akakublok. Umemkosa kwenye grupu, na dukani pia harudi.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka upate ridhaa ya wazi ya mtu kabla ya kutumia habari zake kwa biashara. Usidhani inahusu benki na kampuni kubwa pekee. Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake. Picha tu.

2. Kununua wanachama

Kuna watu wanaouza wafuasi na wanachama kwa mafungu, kama viazi. Hesabu yako itapanda, lakini hao hawanunui kitu. Tena hujui nani yuko nyuma ya kila nambari. Tapeli akiingia humo anakaa kimya, anasoma nani ameagiza nini, kisha anampigia mteja wako: "Ni sisi wa duka la nguo. Mzigo wako umekwama stejini, tuma 300 tuutoe." Anajua jina la duka, anajua bei, anajua hata rangi ya sweta. Mteja atatuma, na lawama zitakurudia wewe.

3. Kulipa watu walete watu

"Leta watu kumi upate bob 200." Watakuja, ndiyo, lakini watakuwa wamefuata hiyo 200. Ikiisha, wanaondoka.

Hatari kubwa ni pale zawadi inapotoka kwenye ada ya wanaojiunga. Hapo si grupu tena, ni piramidi. Piga hesabu mwenyewe: kila mtu alete watu 5. Wa kwanza analeta 5, hao wanaleta 25, kisha 125, kisha 625. Ukifika hatua ya 11 unahitaji watu wapya 48,828,125. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 Kenya nzima, watoto wachanga wakiwemo. Lazima watu waishe, na walioingia mwisho ndio wanaopoteza pesa zao. Mara nyingi hao ni jamaa na marafiki waliokuamini.

4. Ushuhuda na skrinishoti za kutengeneza

Wengine huweka skrinishoti za malipo ya uongo ili grupu ionekane ina shughuli, au hutangaza "washindi" ambao ni binamu zao. Fikiria unachowafundisha wateja: kuamini picha ambayo tapeli anaweza kuitengeneza kwa dakika chache. Kesho na wewe utaletewa skrinishoti kama hiyo, utoe mzigo, na pesa hazipo. Malipo ni pale meseji ya huduma imeingia kwenye simu yako na salio limeongezeka. Skrinishoti si risiti.

5. Kumwaga linki kila mahali

Kubandika linki yako kwenye grupu ya wazazi, ya kanisa, au ya kamati ya matanga ni kukosa adabu, na watu hawasahau. Isitoshe, linki ikishazunguka, yeyote anaingia, hata yule wa namba 2.

Basi ufanyeje?

Uliza kwanza. Mteja akishalipa, mtumie meseji moja: "Asante mama. Tuna grupu ya mzigo mpya, naweza kukuongeza?" Akinyamaza, hiyo ni hapana.

Washa mpangilio wa admini kuidhinisha kila anayeingia. Linki ikisambaa ovyo, iweke upya ili ile ya zamani isifanye kazi.

Kama nia yako ni kutangaza bidhaa tu, tumia chaneli ya WhatsApp. Huko wafuasi hawaonani nambari.

Andika nambari yako ya kulipia kwenye maelezo ya grupu, pamoja na jina linalotokea mtu anapolipa. Waambie wanachama: jina likiwa tofauti, usiendelee. Waambie pia kwamba hakuna admini, wakala wala mfanyakazi wetu atakayewaomba PIN.

Na ukikuta kuna tapeli ndani, mtoe, kisha waambie wanachama siku hiyo hiyo. Usifiche ukiogopa aibu. Mwenye kumtumia tapeli pesa anahitaji kutupigia mapema, kabla hazijatolewa.

Watu 38 wanaolipa bila wasiwasi watakulisha. Wakiridhika, wao wenyewe ndio watakaomleta wa 39.