San Francisco: Mji ambao joto lake hungoja Septemba

KATIKA gati za wavuvi za mji wa San Francisco, jimboni California, wachuuzi hufanya biashara nzuri ya sweta mwezi wa Julai. Wanunuzi si wenyeji. Ni wageni waliowasili wakiwa wamevalia kaptura na mashati mepesi, kwani walifunzwa shuleni kwamba Julai ni kiangazi nchini Marekani, na California wameijua kwa picha za jua na ufuo. Alasiri ukungu unapoanza kumiminika kutoka baharini, na upepo ukaanza kuvuma kwa kishindo, mgeni hutambua kwamba aliyemchagulia mwezi hakumfaa.

Kwa mzazi kutoka Kenya aliyejinyima miaka kadhaa ili akamwone mwanawe anayesoma au kufanya kazi katika eneo hilo, kosa la aina hiyo si dogo. Yamkini safari yenyewe hatairudia maishani. Ndipo ikawa muhimu kuelewa ni kwa nini wenyeji wa San Francisco, wakiulizwa na jamaa zao waje lini, aghalabu hujibu: Septemba, au mapema Oktoba.

Chanzo cha kioja hiki ni bahari. Wakati wa kiangazi, pepo za kaskazini-magharibi huvuma sambamba na pwani ya California na kuyasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu. Maji baridi kutoka vilindini hupanda kuijaza nafasi hiyo. Hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji hayo hupoa na kugeuka ukungu.

Ukungu huo ungeweza kubaki baharini lau si bonde kubwa lililo bara, nyuma ya milima ya pwani. Bonde hilo huchomwa na jua hata nyuzijoto zikapita 38. Hewa yake ikishapata moto hupanda juu, na hewa baridi ya baharini huvutwa kwenda kuchukua mahali pake. Njia yake kuu ni mlango wa bahari wa Golden Gate, pengo katika safu ya milima ambapo bahari huingia hadi ndani ya ghuba. San Francisco umejengwa papo hapo mlangoni. Kwa hivyo kadiri bara linavyozidi kuungua, ndivyo mji unavyozidi kupigwa na baridi.

Mambo hubadilika Septemba inapoingia. Bara huanza kupoa, mvuto ule hulegea, na maji ya bahari nayo huwa yamefikia kiwango chake cha juu zaidi cha joto katika mwaka. Ukungu hupungua. Mchana nyuzijoto huwa karibu 21 au 22, usiku hushuka hadi takriban 13, na mvua huwa ni nadra mno hadi katikati ya Oktoba. Wazee wa pwani ya Kenya, ambao huijua demani kuwa ni kipindi cha utulivu baada ya ukali wa kusi, wangeuelewa msimu huu bila kuhitaji maelezo mengi.

Hata hivyo, msafiri asiache koti nyumbani. Mji huu una eneo la kilomita mraba 121 tu za nchi kavu, lakini hali ya hewa hutofautiana mtaa kwa mtaa. Mtaa wa Mission, uliokingwa na vilima vya Twin Peaks, unaweza kuwa na jua kali ilhali mitaa ya Sunset na Richmond, inayotazama bahari, imefunikwa ukungu. Desturi ya wenyeji ni kuvaa nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine na kuzivua au kuzirejesha mwilini kadiri siku inavyokwenda.

Na anayedhani atakwenda kuogelea kama Nyali au Diani afute wazo hilo. Maji ya ufuo wa Ocean Beach huwa nyuzijoto 13 hadi 15 hivi, na mikondo yake ya chini imewahi kuwameza hata waogeleaji hodari. Huko ufuo ni wa kutembea.

Kuna upande wa pili ambao mawakala wa usafiri hawauzungumzii sana. Mabadiliko yale yale yanayoleta anga safi ndiyo yanayoleta moto. Mapukutiko yanapokaribia, mara nyingine upepo hugeuka na kuvuma kutoka bara kuelekea baharini, ukiwa mkavu na wenye joto. Wenyeji huuita Diablo, yaani Ibilisi. Huja wakati nyasi na misitu imekaa miezi mitano au zaidi bila tone la mvua.

Mnamo usiku wa Oktoba 8, 2017, upepo wa aina hiyo ulichochea mioto katika wilaya za Napa na Sonoma, kaskazini mwa San Francisco, na watu zaidi ya 40 wakafariki. Novemba 8, 2018, mji mdogo wa Paradise uliteketea na watu 85 wakapoteza maisha. Ingawa Paradise uko zaidi ya kilomita 200 kutoka San Francisco, moshi uliufikia mji huo na kukaa kwa karibu wiki mbili. Shule zilifungwa na tramu zikaondolewa barabarani. Septemba 9, 2020, wakazi waliamka na kukuta anga ya rangi ya chungwa, na taa za barabarani zikawaka mchana kutwa.

Si kila mwaka huwa hivyo, na hakuna haja ya kuahirisha safari kwa hofu. Lakini mwenye pumu, maradhi ya moyo, au anayesafiri na mtoto mchanga au mzee anapaswa kuliweka jambo hili katika hesabu zake. Serikali ya Marekani hutangaza hali ya hewa ya kuvuta kwa tarakimu kupitia huduma yake ya AirNow. Tarakimu isiyozidi 50 ni salama. Ikipita 100, wagonjwa wajihadhari. Ikipita 150, kila mtu ana sababu ya kubaki ndani na kufunga madirisha. Barakoa ya kitambaa haizuii chembechembe za moshi. Inayofaa ni ile ya aina ya N95, ambayo ni bora kuinunua mapema, kwa kuwa moshi ukishatanda maduka huishiwa haraka. Aidha, tiketi ya ndege na hoteli inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata ikiwa ghali kidogo, ina faida katika miezi hii kuliko mwingineo.

Joto nalo linaweza kuvuka mpaka. Septemba 1, 2017, katikati ya mji kulipimwa nyuzijoto 41, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa hapo. Nyumba nyingi na baadhi ya hoteli kongwe hazina mitambo ya kupoza hewa, kwa sababu kwa kawaida haihitajiki. Ni vyema kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa Mkenya, maandalizi huanza mbali sana na Septemba. Viza ya matembezi huombwa kwa kujaza fomu ya DS-160 mtandaoni, kulipa ada ya dola 185 (ambayo hairudishwi hata ombi likikataliwa) na kuhojiwa katika ubalozi wa Marekani mtaani Gigiri, Nairobi. Foleni ya mahojiano huweza kuwa ya miezi mingi, hivyo anayelenga Septemba hana budi kuanza mwaka uliotangulia. Kununua tiketi ya ndege kabla ya viza kutolewa ni kucheza kamari na akiba ya familia. Anachotaka kujua afisa wa ubalozi ni kama mwombaji ana sababu za kurejea Kenya, na mwaliko wa mwana aliyeko California, peke yake, haulijibu swali hilo. Stakabadhi za kazi, biashara, shamba au watu wanaomtegemea nyumbani huwa na uzito zaidi.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi San Francisco. Kenya Airways ilianza safari za Nairobi hadi New York Oktoba 28, 2018, na kutoka huko kuna takriban saa sita nyingine angani. Wengine hupitia Ulaya au miji ya Ghuba kama Dubai na Doha. Mwenye kupitia New York akumbuke kwamba ukaguzi wa uhamiaji hufanyika pale pale anapotua kwanza. Atachukua mizigo yake, apite forodha, kisha aikabidhi tena kwa safari ya pili. Saa mbili za kusubiri huenda zisitoshe. Nyama iliyokaushwa, matunda na mbegu alizopakiwa na shangazi ili zimfikie mwana huko ughaibuni zitaishia mikononi mwa forodha, na asiyezitaja katika maelezo yake hutozwa faini.

Uwanja wa ndege uko takriban kilomita 21 kusini mwa mji, na treni za BART huingia hadi ndani ya uwanja wenyewe tangu 2003. Kukodisha gari si lazima kwa anayebaki mjini. Maegesho ni ghali, miteremko ni mikali kiasi kwamba sheria humtaka dereva ageuze magurudumu kuelekea ukingoni anapoegesha, na wezi wa kuvunja vioo wamewaliza wageni wengi waliosahau begi kwenye kiti. Kadi moja ya Clipper hutumika katika mabasi, treni na hata feri.

Tarehe huhitaji uangalifu pia. Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni Sikukuu ya Wafanyakazi nchini Marekani, na wikendi hiyo barabara na hoteli hujaa. Baadaye, Septemba au Oktoba, hufanyika kongamano kubwa la kampuni ya Salesforce, ambalo huleta maelfu ya watu na kuzipaisha bei za vyumba vya hoteli katikati ya mji. Kabla ya kuchagua wiki, ni busara kutafuta tarehe za kongamano hilo na kulikwepa. Kwa upande wa raha, mapema Oktoba kuna tamasha la muziki la Hardly Strictly Bluegrass katika bustani ya Golden Gate. Lilianza 2001 na kiingilio ni bure, jambo adimu katika mji huo. Kipindi hicho hicho huwa na wiki ya wanamaji, ambapo ndege za kivita huonyesha michezo yake juu ya ghuba. Ni tukio la kuvutia kwa watoto, ingawa mwenye kutafuta usingizi wa mchana hatalishangilia.

Kati ya mambo ya kuona, kinachowaponyoka wageni mara nyingi ni kisiwa cha Alcatraz. Kilikuwa gereza la serikali kuu kuanzia 1934 hadi 1963, na kati ya Novemba 1969 na Juni 1971 kilikaliwa na Wamarekani asilia waliokuwa wakidai haki zao za ardhi. Historia hiyo ya pili inafaa kusikilizwa na Mkenya yeyote anayejua uzito wa suala la ardhi. Tiketi za feri huanza kuuzwa takriban siku 90 kabla, na anayefika gatini bila tiketi aghalabu hurudi mikono mitupu. Msitu wa Muir Woods, wenye miti mirefu ajabu, nao huhitaji nafasi ya maegesho au ya basi kuwekwa mapema tangu 2018.

Daraja la Golden Gate, lililofunguliwa Mei 1937, halihitaji tiketi. Mtembea kwa miguu hulivuka bure, na asubuhi ya Septemba ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuiona minara yake yenye urefu wa mita 227 hadi kileleni. Tramu zinazovutwa kwa kamba ya chuma iliyo chini ya barabara zilianza 1873, na zimebaki njia tatu. Watalii hujipanga kwenye foleni ndefu barabarani Powell. Njia ya barabara ya California huwa na watu wachache.

Kuhusu fedha, bei iliyobandikwa si bei ya mwisho. Kodi ya mauzo ya zaidi ya asilimia 8 huongezwa wakati wa kulipa, kodi ya hoteli ni takriban asilimia 14 pamoja na ada nyinginezo, na mhudumu wa mkahawa hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Bima ya matibabu ni ya lazima kwa akili ya kawaida hata pale ambapo haidaiwi na sheria, kwa kuwa usiku mmoja hospitalini unaweza kumaliza akiba yote ya safari.

Mji huu pia uko katika ukanda wa zilzala. Ile ya Aprili 18, 1906, na moto ulioifuata, iliua watu wapatao 3,000, na ile ya Oktoba 17, 1989 ikaua 63. Ardhi ikitikisika, wenyeji hufunza watoto wao wainame, waingie chini ya meza imara na kuishikilia hadi itulie. Kukimbilia nje ndiko kunakojeruhi wengi, kwa vioo na matofali yanayoanguka.

Mzazi akishafika na kutaka kuwapigia simu waliobaki nyumbani, akumbuke kwamba San Francisco iko nyuma ya Nairobi kwa saa kumi. Saa tatu asubuhi huko ni saa moja usiku Kenya, wakati mwafaka wa kuwakuta watu mezani. Hesabu hiyo hubadilika Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, na tofauti ikawa saa 11.