Maembe ya Kaskazi

Kaskazi ianzapo kuvuma, masoko ya Mombasa hufurika maembe: ngowe, dodo, boribo. Juzi nilinunua ngowe moja, nikalila papo hapo nimesimama, maji yakinichuruzika hadi kiwikoni, nami ni mtu mzima mwenye heshima zake. Harufu yake ilinirudisha chumbani mwa marehemu bibi yangu, aliyekuwa akivundika maembe mvunguni mwa kitanda, kayafunika gunia. Tulikatazwa kuyapopoa mabichi. Tuliyapopoa, na utomvu ukatutoa vipele midomoni. Ushahidi ukawa usoni.

Nilipowauliza wanafunzi wangu maana ya kupopoa, wengi walinijibu kuwa ni kurusha mawe. Sivyo. Kupopoa ni kuliangusha tunda kwa kulitupia jiwe au kijiti. Si kulichuma kwa mkono, wala si kuangua kama aanguavyo mkwezi nazi. Kuvundika nako hawakukujua, ingawa ndizi wanazokula zimevundikwa. Siwalaumu, kwani wengi wamekulia ghorofani pasipo mwembe. Nimeazimia kuwapelekea darasani maembe mabichi na gunia. Somo hilo litachukua siku kadhaa.