Chumba cha Kulala si Ghala wala Jiko

Mzee mmoja alifika ofisini kwetu akisema kwamba yeye na watoto wake huamka kila asubuhi wakiumwa na kichwa, hata jembe likawashinda. Tulipomwuliza walalavyo, alijibu: “Baridi ni kali. Twaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha.”

Wakulima wa Limuru, Molo na Kinangop waijua baridi ya Julai. Lakini makaa, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Alalaye haisikii, na huenda asiamke tena.

Basi, ndugu mkulima, fanya hivi. Jiko libaki nje. Ongeza blanketi, na uache dirisha wazi kidogo. Magunia ya mahindi yaende ghalani, maana huwavuta panya, na dawa ya wadudu si kitu cha kulala nacho. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Mtu akizidiwa na hewa hiyo, mtoe nje upesi, kisha umpeleke hospitali.

Mzee yule alilifuata shauri hilo, na kichwa kikaacha kumwuma.