Matege Chini ya Jua la Ikweta

Butembo iko karibu kabisa na ikweta, na jua lake halikosekani mwaka mzima. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kuwa mwanawe ana matege, hushangaa, maana amesikia kwamba hayo ni maradhi ya nchi za baridi. Jibu lilipatikana Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulifuatilia watoto 123 wa Nigeria wenye matege kwa majuma 24. Waliopewa kalisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo. Kalisi ndiyo iliyopungua chakulani.

Hatari hiyo tunayo hapa Butembo na Beni. Bugali wa muhogo hauna kalisi ya maana, na maziwa hunywewa na wachache. Tangu mauaji yaanze eneo la Beni mwaka 2014, familia nyingi zimekimbia na kuacha mashamba na mifugo yao.

Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye gegedu la ukuaji, karibu na kiungo. Kalisi ikikosekana, gegedu huzidi kujazana bila kugeuka mfupa. Kwenye radio, yaani picha ya mifupa, ule ufa mweusi ulio karibu na ncha ya mfupa hupanuka. Ncha yenyewe hutanuka, hubonyea kama kikombe, na kingo zake huchakaa. Kifundo cha mkono na goti ndivyo vya kupigwa picha kwanza, kwa kuwa hapo mifupa hukua haraka. Tena kifundo cha mkono hutofautisha mengi: kwenye ugonjwa wa Blount, unaoharibu upande wa ndani wa goti, chenyewe hubaki kizima. Na si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Kabla ya miaka 2 miguu kupinda kidogo kwa nje ni kawaida.

Kwa mtu mzima, mifupa iliyolainika huonyesha mistari myeusi inayoukata mfupa kwa upana, hasa kwenye shingo ya paja na nyonga, mara nyingi pande zote mbili. Udhaifu wa mifupa wa uzeeni ni mgumu zaidi kuonekana: radio huuona baada ya takriban theluthi moja ya madini kupotea. Basi picha inayoonekana safi isimhakikishie bibi kwamba mifupa yake ni imara.

Wenzangu waganga, msikimbilie kunyoosha mguu wa mtoto kwa upasuaji kabla ya kuona picha ya kifundo cha mkono. Mfupa ambao bado ni laini hupinda tena. Kalisi ikianza kufanya kazi, mstari mweupe hujitokeza kwenye ncha ya mfupa baada ya majuma machache, na miguu ya watoto wadogo mara nyingi hunyooka yenyewe.

Nawe mzazi, ukiona vifundo vya mikono vimevimba na mtoto amechelewa kutembea, mpeleke hospitali uombe picha. Nyumbani, twanga ndagala wakavu pamoja na mifupa yao, umtilie unga huo kwenye mboga kila siku.