Namba Isiyogawanyika na Saa Zitakazopotea

Askari 30 wakisimama katika uwanja wa gwaride wa Makenke, mjini Mbarara, kiongozi wao ana hiari: safu 2 za watu 15, safu 3 za watu 10, au safu 5 za watu 6. Aongezeke mmoja tu, wawe 31, na hiari yote hutoweka. Hawapangiki sawasawa ila katika mstari mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa mama wa Nakivale mwenye makopo 31 ya maharage: watoto wawe wawili au sita, hawezi kuyagawa sawa pasipo kubakiza. Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa namba tasa.

Katika mfupa wa kale uliofukuliwa mwaka 1950 huko Ishango, kando ya Ziwa Edward upande wa Kongo, mna mstari wa chale zilizochanjwa kwa mafungu ya 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Kama mchongaji alikusudia hivyo au ilisadifu tu, wataalamu hawajakubaliana.

Hiyo 31 huzaa namba tasa nyingine iliyo kubwa mno. Zikizidishwa 2 thelathini na moja pamoja, kisha ikatolewa 1, hupatikana 2,147,483,647. Si kila namba tasa yenye bahati hiyo: 11 ikifanyiwa vivyo hivyo hutoa 2,047, nayo ni 23 mara 89. Aliyethibitisha utasa wa namba ile kubwa, mwaka 1772, ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi Urusi, naye wakati huo alikuwa karibu kipofu. Kujaribu kigawo kimoja kimoja kungemlazimu kupitia namba tasa zote hadi 46,340. Lakini alijua kwamba kigawo chochote chake, kikigawanywa kwa 62, sharti kibakize 1. Basi nyingi akaziacha bila kuzigusa.

Jambo hilo lingebaki la darasani lau namba hiyo isingeingia katika kompyuta. Kompyuta nyingi za zamani huhifadhi namba katika nafasi 32: moja ni ya alama ya chanya au hasi, na 31 ni za kiasi. Namba kubwa kupita zote itoshayo humo ni 2,147,483,647 ile ile. Nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na nafasi zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, hesabu itapinduka kuwa hasi, na mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901.

Wala hatari haingoji siku hiyo. Mkopo au pensheni ya askari inayokadiriwa hadi mwaka 2040 hulazimu mashine kuandika tarehe iliyo ng'ambo ya kikomo hicho leo hii. Mashine mpya hutumia nafasi 64 na hazina shaka hiyo. Za kukaguliwa ni zile za kale, hasa zilizofichwa ndani ya vyombo vingine, ambazo mwenye nyumba hata hajui kwamba zinahesabu.