Vuga iliyoandikwa kwa W

Kijibahasha kiliandikwa "Wuga", nami nikakipita. Muuzaji wa stempu hapa Köln alipolitamka neno ndipo nikageuka: Vuga! Kwetu Usambara, mji wa Wakilindi alikotawala Kimweri ye Nyumbai. Wajerumani huandika W pale sisi tunapoandika V.

Ukitaka kuzipanga stempu za koloni la Wajerumani, usianze na picha. Kuanzia 1901, barua ya Tanga, Pangani au Lushoto (wao waliiita Wilhelmsthal) ilibandikwa stempu yenye picha ileile, meli ya Kaiser. Soma thamani. Zenye pesa ni za mtindo wa kabla ya 1905, rupia moja ikiwa pesa 64. Baadaye rupia ikagawanywa kwa Heller 100, neno tulilolichukua likawa hela. Kwa hiyo stempu ya Heller 7½ haiwezi kuwa ya 1902.

Za Vuga ni kundi la peke yake. Vita vya 1914 vilipofunga njia ya bahari, stempu zikaanza kuadimika. Kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Vuga kikapewa kazi ya serikali, kikachapa thamani tatu: Heller 2½, Heller 7½ na rupia 1. Hizi hazina meli. Ni kazi ya herufi za chapa. Kabla hazijatolewa, Machi 1916, meli iitwayo Marie ilipenya zuio la Waingereza ikatia nanga Sudi, kusini kabisa, ikiwa na shehena ya vita na stempu mpya. Za Vuga zikakosa kazi. Wajerumani wakazizika ardhini zisiangukie mikononi mwa adui, na 1921 zikafukuliwa, zikauzwa Berlin kwa wakusanyaji.

Historia hiyo ndiyo kipimo chake. Nyingi zina madoa ya unyevu, kwa hiyo iliyo safi mno ichunguzwe vizuri. Na kwa kuwa hazikupata kuuzwa posta, ukiona muhuri wa barua juu yake, shuku kwanza.

Niliyoishika ilikuwa ya Heller 7½, na doa la kahawia pembeni. Nikauliza bei, kisha nikairudisha taratibu kwenye kijibahasha chake. Hela sina.