Uganda, Nchi Inayohamia Barabarani Kila Juni

Uganda ina eneo la takribani kilometa za mraba 241,000, na sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46. Ilipata uhuru 9 Oktoba 1962. Kahawa ndiyo zao kubwa la biashara, na matoke hayakosekani mezani. Takwimu zaidi zipo vitabuni. Mtu wa Singida anayetaka kuijua Uganda afike Namugongo, nje kidogo ya Kampala, tarehe 3 Juni.

Siku hiyo, Siku ya Mashahidi, ni mapumziko ya kitaifa, lakini barabarani safari huanza wiki kadhaa kabla. Mahujaji hutoka Fort Portal, Mbarara na Gulu, wengine Kenya na hata Tanzania, kwa miguu! Rozari mkononi, kifurushi mgongoni, nyayo zimevimba, na bado wanaimba.

Wanafuata njia ya vijana mashahidi. Mwaka 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, wahudumu wa ikulu waliokataa kuiacha dini ya Kikristo walifungwa kamba wakaswagwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo, na 3 Juni wakachomwa moto. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Mbaga Tuzinde alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji mwenyewe. Mzee alimsihi aikane imani apone, kijana akakataa.

Mashahidi wote Wakatoliki walikuwa 22, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 18 Oktoba 1964. Waanglikana nao, wenye mashahidi 23, wana ibada yao 3 Juni hiyohiyo, jirani tu. Basilika la Wakatoliki limejengwa kwa umbo la msonge, juu ya nguzo 22, na altare iko pale alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao. Nje kuna ziwa dogo. Akina mama huinama na madumu wakichota maji ya kupeleka nyumbani.

Singida nayo ina kituo cha hija, Sukamahela wilayani Manyoni. Lakini sikukuu zetu nyingi zimegeuka za pilau, kuku na spika kubwa. Mtoto analijua jina la somo wa parokia yake, ila hajui aliishije wala alikufaje. Makatekista wa kwanza wa Unyaturu na Iramba, nani anawasimulia? Kule Uganda bibi anamsimulia mjukuu habari za Kizito huku wakitembea.

Mwenye nia ya kwenda mwakani apitie Nzega, Kahama, Biharamulo na Bukoba, avukie mpaka Mutukula.